Bando liliisha nikiwa nashinda: ushindi ni wa nani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Pasua, Moshi. Tuna kikundi chetu cha watu 14, wengine Moshi, wengine Arusha, tunacheza chesi kwenye tovuti ya Lichess kila Jumamosi usiku. Si mashindano, ni kirafiki tu, dakika 5 kwa kila mtu. Jumamosi iliyopita nilibaki na malkia, mwenzangu ana ngome peke yake, saa yangu ina sekunde 40. Bando likaisha. Niliporudi nikakuta kashadai ushindi. Nilipolalamika kwenye grupu akajibu, "Sheria ni sheria." Hapo mwingine akadakia kwamba huyo bwana siku zote anaonyeshwa hatua na kompyuta. Maneno yakawa mengi, watu 3 wamejitoa. Je, ushindi ule ni wa nani, na tufanyeje ili mchezo ubaki wa kirafiki?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na lile ambalo hutalipenda: ushindi ni wake. Mtandaoni saa yako unaibeba mwenyewe, na mtandao wako unahesabiwa pamoja na saa. Mwamuzi yeyote angekujibu hivyo. Nimekaa kwenye kiti hicho miaka ya kutosha, na ninajua kwamba ukianza kupima sababu ya kila aliyepotea hewani (huyu umeme, huyu bando, huyu mtoto kamnyang'anya simu) mtakesha.

Ila hakulazimika kuuchukua. Lichess ikiona umetoweka humpa mwenzako njia tatu: adai ushindi, atangaze sare, au asubiri. Halafu kuna kialama cha kujumlisha karibu na saa yako ambacho yeye akikibonyeza, wewe unaongezewa sekunde 15. Wengi wanakiona kila siku na kukidhania pambo. Kwa hiyo usiku ule mwenzako alikuwa na njia nne, akachagua iliyo kali kuliko zote, na hakuvunja sheria hata moja. Ndiyo maana una hasira lakini huna kesi.

Hata wakubwa yamewakuta. Mwaka 2020, dunia ikiwa imejifungia ndani kwa sababu ya korona, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, FIDE, liliandaa Olimpiadi ya chesi mtandaoni. Kwenye robo fainali Armenia walicheza na India. Mchezaji mmoja wa Armenia akakatikiwa na mtandao, akahesabiwa kafungwa kwa muda. Armenia wakakata rufaa, ikatupwa, nao wakajitoa kwenye mashindano kwa hasira, kama hao wenzenu watatu. Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumapili, tarehe 30 Agosti, India hao hao wako fainali na Urusi, na intaneti ikapata hitilafu kubwa katika nchi nyingi kwa wakati mmoja. Wachezaji wawili wa India, Nihal Sarin na Divya Deshmukh, wakapotea hewani na saa zao zikaisha. Kwa kanuni ile ile ya Ijumaa, Urusi ni bingwa. India nao wakakata rufaa, na rais wa FIDE, Arkady Dvorkovich, akaamua dhahabu ipewe nchi zote mbili. Kukatika mara mbili, maamuzi mawili tofauti, siku tatu hazijatimia. Kama wenye kanuni nene na kamati ya rufaa walifika hapo, kikundi cha watu 14 kisicho na hata mstari mmoja wa makubaliano kilitegemea nini?

Mimi nililelewa na drafti. Kijiwe chetu kilikuwa Arusha, hatua chache kutoka soko la Kilombero: ubao uliochorwa kwa rangi iliyobaki mtu alipopaka mlango wake, kete vizibo vya soda, huyu vilivyofunuka, yule vilivyofunikwa. Masika mvua ikishuka tuliunyanyua ubao watu wawili, mmoja huku mmoja kule, taratibu kama tumebeba jeneza, tukausogeza barazani kwa fundi cherehani na mchezo ukaendelea. Katika miaka yote ile sikuwahi kusikia mtu akimwambia mwenzake, "Mvua imenyesha kwenye zamu yako, umefungwa."

Kijiwe kilikuwa na mambo mengi ambayo hatukuyaita sheria kwa sababu yalikuwepo tu. Unaiona mikono ya mwenzako. Watazamaji sita wanakuchungulia begani, na ukifanya ujanja wanapiga kelele kabla mpinzani hajaona. Ukifungwa unataniwa, unacheka kwa uchungu, unalipa kahawa, mnapanga tena kete. Kisha mnabaki mnabishana nusu saa kwamba ungekula huku ungeshinda. Chesi ilipohamia kwenye simu ilibeba ubao na saa, baraza ikabaki nyuma. Soma tena barua yako uone: bando ni mvua bila baraza, na tuhuma za kompyuta zimetoka kwenye mikono isiyoonekana. Hata maneno makali ya kwenye grupu ni utani ulioandikwa, na utani ulioandikwa hauna uso wa kuuchekesha. Programu haitawarudishia baraza. Mtaijenga wenyewe kwa makubaliano, na yafanyike katikati ya wiki, wakati hakuna aliyetoka kufungwa.

La kwanza kubadilisha ni saa, na hapa ninasisitiza kuliko kwingine kote. Dakika 5 bila nyongeza ni mchezo wa vidole. Mtu mwenye simu mpya na mtandao imara wa mjini anamfunga mwenye simu ya zamani aliyekaa Kibosho hata kama anacheza ovyo, maana mwisho wa mchezo wote mna sekunde chache na anayebonyeza upesi ndiye fundi. Lichess hujaribu kufidia ucheleweshaji mdogo wa mtandao, ila haiwezi kufidia sekunde 30 za bando lililoisha. Chezeni dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10 kwa kila hatua. Kwa mchezo wa hatua 40 kila mmoja anapata dakika 15 pamoja na sekunde 400, yaani dakika 21 na sekunde 40, na wote wawili hawazidi dakika 43 na ushee. Mkianza saa 3 usiku, saa 4 haijagonga mmeshamaliza. Hii nyongeza ya sekunde haikuletwa na simu. Bobby Fischer, yule Mmarekani aliyekuwa bingwa wa dunia, ndiye aliyeiombea hataza saa ya namna hiyo, na ilitumika katika pambano lake la marudiano na Boris Spassky mwaka 1992. Alikuwa mtu mgumu kuishi naye, lakini kwenye hili aliona mbali: hakutaka mtu aliyecheza vizuri saa tano afungwe na mshale wa saa.

Mtandao ukikatika dakika mbili katika mchezo wa namna hiyo unarudi, unaomba radhi, unaendelea. Kisha wekeni kanuni yenu ya mvua. Mimi ningependekeza hivi: aliyekatika atume ujumbe wa kawaida wa simu, mpinzani asidai ushindi kabla ya dakika 5 kupita, na zikipita mchezo usimame, uendelezwe siku nyingine kutoka pale pale. Inawezekana, nitakuonyesha mwishoni. Jambo dogo: chesi yenyewe hainywi bando, maana hatua moja ni herufi na tarakimu chache. Linalonyonywa ni hizo video mnazotumiana kwenye grupu mkisubiri zamu.

Na kama kuna mwenzenu anayeishi pabaya kabisa kwa mtandao, au anayepandisha wageni mlimani na kutoonekana siku sita, msimwache. Kuna mchezo wa siku: kila hatua mnapeana siku 2, au 7, au hata 14. Anacheza hatua moja kabla ya kupanda, nyingine akishashuka getini Marangu. Mchezo wa namna hii ulikuwepo tangu zamani. Klabu za London na Edinburgh zilipambana kwa barua tangu 1824 hadi 1828, Edinburgh wakashinda, na mfunguo mmoja wa chesi, yaani mpangilio wa hatua za mwanzo, hadi leo una jina la Waskoti. Miaka minne, mdogo wangu, na wewe umenuna kwa dakika tano.

Michezo yenu muiweke isiyohesabika, yaani isiyogusa pointi za mtu. Ukifungua akaunti Lichess unaanzia pointi 1500, na tangu siku hiyo ile namba inakuwa kama mshahara, mtu hataki ipungue hata kidogo. Kwenye mchezo usiohesabika haipandi wala haishuki, na vidole vinalegea.

Kurudisha hatua nalo mlikubaliane. Kijiweni kete ukishaigusa umeicheza, lakini kijiweni kidole gumba hakikuteleza kwenye kioo kikaacha malkia mdomoni mwa kete ya tembo. Msimamo wangu ni huu: kidole kikiteleza, omba papo hapo, mwenzako arudishe. Ukikosea kwa kufikiri, meza. Tofauti wote wawili mnaijua, hata kama mmoja atajifanya haioni. Asiyetaka shida awashe kwenye mipangilio ile sehemu ya kuthibitisha hatua kabla haijaenda.

Sasa hili la kompyuta, ambalo nadhani ndilo lililowafukuza watu. Ni kweli kwamba mtu akitaka kudanganya hahitaji akili. Mwaka 1997 ilibidi IBM waunde mtambo maalumu, Deep Blue, ndipo bingwa wa dunia, Garry Kasparov, akafungwa, na kwa tofauti ya pointi moja tu, tatu na nusu kwa mbili na nusu. Leo programu ya chesi iitwayo Stockfish, ambayo ni ya bure, ukiiweka kwenye simu ya kawaida hakuna binadamu anayeiweza. Kwa hiyo hofu yenu si ya kipuuzi. Lakini tazama ushahidi ambao watu huja nao. Wanasema, "Usahihi wake ulikuwa asilimia 96." Asilimia ile hupanda yenyewe mchezo ukiwa mfupi, au mpinzani akiwa amekosea mapema na kila hatua iliyobaki inajionyesha. Hata wewe ukicheza na mtu aliyeacha malkia bure hatua ya 8 utapata asilimia ya kujivunia. Kinachonitia shaka mimi ni mwendo wa saa. Binadamu hula kete ya wazi kwa sekunde moja na kuganda dakika nzima penye njia panda, lakini mwenye kunakili hutumia sekunde saba kwa kila kitu, hata pale penye hatua moja tu inayoruhusiwa. Na hata hapo sijasema ni mwizi.

Sisemi kwa sababu niliwahi kusema. Kijana mmoja hapa Arusha, mkimya, wa Sanawari, alinifunga mbele ya wanafunzi wangu kwa hatua kumi na tano za mwanzo zilizonyooka kama kamba. Nilimwambia hadharani kwamba hizo si zake. Hakujibu, akaondoka. Wiki mbili baadaye mjomba wake alinipitia na daftari: kijana alikuwa amenakili mfunguo ule mzima kwa mkono, na kila hatua ameandika pembeni sababu yake. Nilikwenda kwao kuomba radhi, nikakaribishwa chai, nikainywa kwa shida. Kijana amenisamehe, ila hajawahi kucheza nami tena.

Si mimi peke yangu. Septemba 2022 Magnus Carlsen, akiwa bingwa wa dunia, alijiondoa kwenye mashindano ya St. Louis kule Marekani baada ya kufungwa na kijana Hans Niemann, na dunia ikaielewa tuhuma kabla haijatamkwa. Niemann alikiri kwamba aliwahi kudanganya mtandaoni alipokuwa mdogo. Kwamba alidanganya kwenye ubao ule wa St. Louis, ushahidi haukupatikana. Alikwenda mahakamani, na mwaka 2023 wakamalizana kwa makubaliano. Mwaka mzima wa maneno kwa watu wenye mawakili. Ninyi hamna hata mawakili.

Ukimshuku mtu, mpigie simu umwombe muupitie mchezo pamoja. Sauti siyo maandishi, na wewe peke yako siyo grupu. Mwulize, "Pale ulipotoa kitunda, ile kete ndogo ya mbele, uliona nini?" Aliyecheza mwenyewe atakuwa na hadithi, hata ya uongo kidogo: niliogopa farasi, nilitaka kufungua njia ya ngome, nilibahatisha. Aliyenakili atakuambia, "Niliona tu ni nzuri." Sisemi ni kipimo cha mahakamani, maana kuna watu wanaojua kucheza wasiojua kueleza. Ila mara nyingi tuhuma hufa humo humo kwenye maongezi. Isipokufa, Lichess ina sehemu ya kuripoti, na wana vipimo kuliko grupu lenu. Ripoti, kisha nyamaza.

Maongezi hayo yafanyeni baada ya kila mchezo, hata pasipo na tuhuma. Dakika 10 kwa sauti, kompyuta ikiwa imezimwa kwanza, kila mmoja akisema alipoogopa na alipojidanganya. Baada ya hapo washeni Stockfish iwacheke wote wawili. Ningewaondolea yote niliyoandika hapo juu kabla sijawaondolea hili, kwa sababu hii ndiyo ile nusu saa ya ubishi tuliyokuwa nayo kijiweni. Mtu aliyekufunga akikuambia, "Kaka, pale ningekuwa wewe nimekufa," lile lako la kufungwa linaanza kupoa.

Kwa namna ya kukutana, achaneni na zile mbio ambazo anayeshinda mfululizo hulipwa pointi mara mbili. Zinanogesha vijana wa Ngarenaro wenye haraka, zinawachosha wengine. Watu 14 mkikutana kila mtu na kila mtu ni michezo 91, sawa na michezo 7 kila Jumamosi kwa Jumamosi 13. Mchezo mmoja wa maana kwa wiki, mkishamaliza wenye hamu ya dakika tano tano waendelee kuchekeshana. Na mlioachana mbali kwa uwezo, fundi amwachie mgeni kete. Hiyo siyo dharau. Paul Morphy wa New Orleans, aliyetisha dunia miaka ya 1850, alicheza mara nyingi akimpa mpinzani farasi au ngome tangu mwanzo. Lichess inakubali kupanga nafasi maalumu, kwa hiyo fundi anaondoa farasi wake mmoja na mchezo unaanza. Utashangaa fundi atakavyokunja uso.

Hao watatu waliojitoa, usiwarudishe kwa kuwaongeza tena kwenye grupu kimya kimya. Wapigie mmoja mmoja. Na kutaneni uso kwa uso walau mara moja: Moshi na Arusha ni kama kilomita 80, mkipanga Boma Ng'ombe hakuna atakayelalamikia nauli ya Hiace. Mbao mbili tatu za chesi zinatosha, hata drafti itafaa.

Narudi kwenye mchezo wako, maana uliniambia ulikuwa unashinda. Malkia dhidi ya ngome ni ushindi, ndiyo, kwenye vitabu. Kompyuta zimeonyesha kwamba malkia asiyekosea huikamata ngome au kumfunga mfalme ndani ya hatua 31, hata nafasi iwe ngumu kiasi gani. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1970 Walter Browne, aliyekuwa bingwa wa Marekani mara 6, aliwekewa nafasi hiyo dhidi ya kompyuta iliyoshika ngome, na hatua 50 zikaisha bila kushinda. Akaenda kusoma, akarudi, akaikamata ngome kwenye hatua ya 50 kamili. Na hiyo 50 ndiyo mpaka, kwa sababu zikipita hatua 50 bila kete kuliwa wala kitunda kusogea, mwenzako anadai sare. Tena kuna mtego. Mfalme wake akijibanza kwenye kona ya h8 na malkia wako akakaa nyumba ya f7, mfalme yule hana pa kwenda wala hajapigwa cheki, yaani hajashambuliwa. Hapo ngome inakuwa kichaa: inajipeleka jirani na mfalme wako kupiga cheki baada ya cheki, na ukiila tu, hana hatua yoyote iliyobaki, ni sare. Wewe ulikuwa na sekunde 40 bila nyongeza. Ungepata sekunde isiyofika moja kwa kila hatua, na saa ingeisha, ngome moja inatosha kumpa ushindi. Sijui kama bando lilikuibia kitu usiku ule.

Basi fungua mchezo ule, nenda kwenye hatua ya mwisho, chagua kuendelea kutoka hapo na umtumie mwenzako mwaliko wa kirafiki, dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10. Matokeo ya Jumamosi yabaki yake, usiyaguse. Mwambie tu unataka kuona ungemfungaje. Ukimfunga ndani ya hatua 50, niandikie tena unitumie mchezo wote, nitauchambua hapa. Na bando nunua mapema.